Kabla hujachukua kozi ya Shijing China, soma hapa kwanza

Vijana wanaopata skolashipu ya kwenda kusoma fasihi ya Kichina wananiuliza sana hii kozi ya Shijing ikoje, mbona wengine wakishaiona wanahamia biashara au ualimu wa lugha, basi naandika yote hapa mara moja maana mimi nimeipitia, nimeiandikia tasnifu, nimeitetea mbele ya jopo, na mpaka leo naipenda kiasi kwamba sitaki mtu aikimbie kwa sababu tu hakupata wa kumwelekeza.

Kwa asiyejua, Shijing ndiyo mkusanyo wa mashairi wa zamani kuliko yote China, una mashairi 305, ya mwanzo yanakadiriwa kuwa ya karne ya 11 kabla ya Kristo na ya mwisho ya karne ya 7 au ya 6, yaani enzi za ufalme wa Zhou. Kati ya hayo 160 yanaitwa Guofeng, hizi ni nyimbo za nchi 15 na humo ndimo wamo wakulima, wachumba, wake waliotelekezwa, askari waliochoka. Halafu kuna Xiaoya 74 na Daya 31, hizo za karamu na mabaraza ya watawala, na Song 40 za ibada za mababu na sifa za wafalme. Mfalme Wu wa Han alipoweka maprofesa rasmi wa vitabu vitano vitukufu mwaka 136 kabla ya Kristo, Shijing ilikuwa mojawapo, na mitihani ya kuingia serikalini ikaendelea kusimama juu ya vitabu hivyo mpaka ilipofutwa 1905. Kwa hiyo unapoingia darasani usidhani unaenda kusoma mashairi ya mapenzi ya kale, unaingia kwenye nyumba ambayo watu wameishi humo miaka elfu mbili na zaidi na kila mmoja kaacha vyombo vyake.

Mimi nilikwenda na skolashipu ya serikali ya China, masta, chuo kimoja mkoa wa Shandong. Posho ilikuwa yuan 3,000 kwa mwezi, malazi wanalipa wao. Kichina changu kilikuwa kizuri, nilishafaulu HSK 6, ule mtihani wa lugha uliokuwa na maneno 5,000, nikiongea na wenyeji wananisifia. Wiki ya kwanza ya kozi nikafungua kitabu nikakuta najua kusoma herufi nyingi lakini sielewi mstari hata mmoja, kwa sababu Kichina cha Zhou na Kichina cha sokoni leo vimeachana mbali sana, na hili hata Wachina wenzetu darasani walikuwa wanahangaika nalo, tofauti yao na sisi ni kwamba wao wameshakariri mashairi machache tangu shule ya msingi. Kama unaondoka nyumbani mwaka huu na unajua utasoma fasihi ya kale, omba mtu akufundishe sarufi ya Kichina cha kale hata miezi mitatu kabla ya kupanda ndege, hiyo itakusaidia kuliko kuongeza maneno mengine 1,000 ya kisasa.

Kuhusu vitabu, usinunue kila kitu. Vikiwa vipya vitakula mamia ya yuan na posho ndiyo ileile. Cha kuanzia ni Shijing Yizhu ya Cheng Junying, huyu mama alikuwa miongoni mwa maprofesa wa kwanza wanawake China, ametafsiri kila shairi kwa Kichina cha leo na maelezo yake hayakuchoshi. Halafu Shi Ji Zhuan, maelezo ya Zhu Xi juu ya mashairi haya. Halafu Lunyu, kitabu cha maneno ya Confucius, yenye maelezo ya Yang Bojun. Vyote hivi nilivipata mitumba kwenye tovuti ya Kongfuzi, soko la onlaini la vitabu vya zamani, na matini yenyewe ipo bure kwenye Chinese Text Project pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya James Legge ya 1871. Angalizo moja kwa wanaotegemea Kiingereza: tafsiri ya Arthur Waley ya 1937 ni tamu sana kusoma lakini ameyapanga upya mashairi kwa mada, uchumba huku, ndoa huku, vita huku, na toleo la mwanzo liliacha mashairi 15, sasa ukinukuu namba yake kwenye insha mwalimu anatafuta halioni. Tumia namba za Mao siku zote, 1 mpaka 305, yaani za mpangilio wa ile shule ya kale ya ufafanuzi iitwayo Mao ambayo naieleza hapa chini.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Insha ya kwanza ilikuwa juu ya Guan Ju, shairi namba 1, na karibu wageni wote tulirudishiwa tuandike upya. Shairi lenyewe ni fupi, ndege wanaitana guan guan kwenye kisiwa katikati ya mto, kijana muungwana anamtaka msichana mwema, hampati, usiku anagaagaa kitandani, mwisho vinanda vinapigwa na kengele na ngoma. Wengine waliandika ni shairi la mapenzi, wengine wakaandika ni shairi la maadili ya malkia, na laoshi wetu, yaani mwalimu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini lakini kila mtu ananyamaza akiongea, akaandika swali lilelile kwenye karatasi zote: "Nani anasema hivyo?"

Maana yake ni hii. Enzi za Han kulikuwa na shule nne za kufundisha Shijing, yaani Lu, Qi, Han (hapa ni jina la shule, siyo la enzi) na Mao. Shule ya Mao ikasema Guan Ju ni sifa za mke wa mfalme asiye na wivu, anayefurahi kumtafutia mumewe wanawake wema. Shule ya Lu ikasema hapana, hilo ni dongo kwa Mfalme Kang wa Zhou aliyekuwa anachelewa kutoka chumbani asubuhi. Confucius mwenyewe kabla yao wote alisema tu kwamba lina furaha isiyopita mpaka na huzuni isiyojeruhi. Miaka mia tisa na zaidi baada ya Han akaja Zhu Xi, aliyeishi 1130 mpaka 1200, yeye Guan Ju akaiacha kwenye jumba la mfalme, ila nyimbo nyingi za nchi ya Zheng akasema wazi ni za wanaume na wanawake wanaotongozana na siyo siasa. Kisha karne ya 20 akina Hu Shi na Wen Yiduo wakasema jamani hizi ni nyimbo za watu, tuondoe vumbi la wafafanuzi tuzisikie zenyewe. Shule tatu zile nyingine vitabu vyake vimepotea sehemu kubwa, Mao ndiyo iliyobaki nzima kwa msaada wa maelezo ya Zheng Xuan aliyefariki mwaka 200, ndiyo maana matini unayoshika leo mkononi ni ya Mao hata kama humkubali Mao.

Kwa hiyo fanya hivi tangu siku ya kwanza. Chukua daftari kubwa, gawa ukurasa safu nne. Safu ya kwanza shairi lenyewe na unachokiona wewe bila kuangalia popote. Ya pili Mao na Zheng Xuan. Ya tatu Zhu Xi. Ya nne watafiti wa sasa pamoja na vitu vilivyochimbuliwa, kwa mfano vijiti vya mianzi vya Chuo Kikuu cha Anhui vilivyochapishwa 2019, vyenye mashairi ya Guofeng yaliyoandikwa kabla ya ufalme wa Qin. Usichanganye safu. Inachosha, shairi moja linaweza kukula jioni nzima, lakini tulioshika utaratibu huo hatukurudishiwa insha tena.

Na Confucius mpe safu yake ya pembeni, kwa sababu yeye hafafanui mashairi kama wale wengine, yeye anayatumia. Kwenye Lunyu mwanafunzi wake Zigong anataja mstari wa shairi kuhusu mfupa na jiwe vinavyokatwa na kusuguliwa, akiuhusisha na mtu anavyojinyoosha tabia, Confucius anafurahi anamwambia sasa naweza kuzungumza na wewe Mashairi. Mahali pengine anasema mia tatu yote yanabebwa na neno moja, mawazo yasiyo na upotovu, na hayo maneno ameyachomoa kwenye shairi la kusifu farasi wa nchi ya Lu! Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kwake shairi halikufungwa kwenye maana ya aliyelitunga.

Wala hakuwa peke yake. Zama zile mabalozi wakikutana kwenye karamu walikuwa hawasemi haja zao moja kwa moja, wanachagua ubeti wa Shijing unaimbwa na mwenzako anatakiwa aelewe, kama vile shangazi anavyovaa kanga yenye jina fulani siku fulani na kila aliyekusudiwa anajua ameambiwa nini. Kwenye Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia, kuna kisa cha mwaka 546 kabla ya Kristo, mjumbe mmoja wa nchi ya Qi anaitwa Qing Feng alikwenda Lu, kwenye chakula akakosa adabu, mwenyeji akaagiza shairi la Panya liimbwe, lile linalosema hata panya ana ngozi, mtu asiye na adabu anangoja nini kufa. Qing Feng akaendelea kula, hakuelewa. Ukisoma kisa hicho halafu ukarudi kwenye yale maneno ambayo Confucius alimwambia mwanawe, kwamba usiposoma Mashairi hutakuwa na la kusema, unaona hakuwa anahubiri, alikuwa anampa mtoto kitu cha kumlinda mbele za watu. Na alikuwa mkali pia upande wa pili, alisema mtu akariri mia tatu yote halafu akipewa kazi ya serikali haiwezi, akitumwa ugenini hajui kujibu, wingi huo una faida gani.

Swali ambalo hakika utaulizwa: je, Confucius ndiye aliyeuhariri mkusanyo? Sima Qian, mwanahistoria wa enzi za Han, aliandika kwamba yalikuwapo mashairi zaidi ya 3,000 na Confucius akachagua 305. Usilijibu kwa ndiyo wala hapana ukakaa. Taja kwamba Zuozhuan inasimulia jinsi mwana wa mfalme wa nchi ya Wu, Ji Zha, alivyofika Lu mwaka 544 kabla ya Kristo akaimbiwa nyimbo hizo kwa mpangilio unaokaribiana sana na wa leo, na wakati huo Confucius alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Ndiyo maana watafiti wengi wana shaka na Sima Qian. Ukijibu hivyo jopo linatulia.

Kukariri. Hili wageni wengi wanalikwepa na ndilo lililonivusha. Mwaka 213 kabla ya Kristo Mfalme wa Kwanza wa Qin aliamuru vitabu hivi vichomwe, Shijing ikapona kwa sababu watu walikuwa nayo vinywani na siyo kwenye mianzi peke yake, hivyo ndivyo wanahistoria wa Han walivyoeleza. Sisi tuliokulia kwenye mashairi yenye vina na mizani tuna mlango wa kuingilia hapa. Mstari wa kawaida wa Shijing una silabi nne, mistari minne silabi 16, yaani ubeti mzima wa shairi kama Fu Yi ni mizani ya mshororo mmoja wa shairi letu! Nilivyoligundua hilo nikawa natembea kwenda bwenini naimba Fu Yi kwa mahadhi ya nyumbani, na likakaa kichwani. Fu Yi lina herufi 48 tu, wanawake wanachuma majani, mistari ni ileile inayobadilika ni kitendo, wanachuma, wanaokota, wanakusanya, wanabeba kwenye pindo la nguo. Anza nalo.

Ila vina vitakusumbua. Utasoma kwa matamshi ya leo usikie hapa pana kina pale hamna, kwa mfano ndani ya Guan Ju cai na you zinakaa mahali pa kina na masikioni hazifanani kabisa. Watu wa zamani walilazimisha, wakawa wanabadilisha matamshi ili kina kipatikane, mpaka Chen Di wa enzi ya Ming akaonyesha mwaka 1606 kwamba mashairi hayana kasoro, lugha ndiyo imehama na wakati. Usipoteze muda kutafuta kina kwa sikio lako, uliza kamusi ya matamshi ya kale.

Mwaka wa pili baba alifariki. Kwetu Tanga maiti hailali, alifariki alfajiri akazikwa alasiri, na mimi niko Shandong, hata ningekata tiketi dakika ileile nisingewahi, na tiketi ya ghafla ilikuwa inazidi posho ya miezi miwili. Sikwenda. Wiki chache baadaye ratiba ya kozi ikafika Lu E, namba 202, shairi la mtu ambaye wazazi wamekufa hajawalipa fadhila. Baba ndiye aliyenizaa, mama ndiye aliyenilisha, wakanipapasa, wakanikuza, wakanigeukia kunitazama, wakitoka wakiingia wamenibeba. Mwisho wake anasema watu wote wana heri yao, mimi peke yangu sikuwatunza mpaka mwisho. Laoshi aliniita kabla ya kipindi akanieleza habari za Wang Pou, mwalimu wa enzi ya Jin ambaye baba yake aliuawa na watawala, kila akifika kwenye mistari hiyo analia, mpaka wanafunzi wake wakaliacha shairi hilo wasilisome mbele yake. Akaniambia ukitaka siku hiyo usije. Nilikwenda. Nililia na hakuna aliyenishangaa, na nimeona hapo jinsi Wachina wanavyolichukulia shairi hili, hawalichambui haraka haraka.

Lakini kilichobadilika kichwani kwangu ni kuhusu Mao. Mpaka hapo nilikuwa naona shule ya Mao inalazimisha siasa kila mahali. Kwa Lu E utangulizi wa Mao unasema shairi linamlaumu Mfalme You wa Zhou, kwamba watu walitumikishwa mpaka watoto wema hawakupata nafasi ya kuwatunza wazazi wao. Nikiwa kwenye hali ile sikuona kama ni kulazimisha. Mtu hayuko msibani kwa sababu yuko mbali, na kuna kitu kimempeleka mbali, na mwenye madaraka anahusika na kitu hicho. Wafuasi wa Confucius waliuona uchungu wa ndani ya nyumba na utawala wa nchi kuwa jambo moja, na hilo huwezi kulielewa kwa kuwadharau. Ushauri wangu hapa ni wa aina mbili. Usiidharau safu ya pili ya daftari. Na weka akiba ya tiketi ya dharura mahali ambapo huigusi, hata kama unakula tambi mwezi mzima, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni waeleze mapema, ruhusa hutolewa.

Mimea nayo usiiruke. Confucius alitaja kati ya faida za Mashairi kwamba utajua majina ya ndege, wanyama na miti mingi, nikadhani ni jambo dogo. Kumbe Lu Ming, namba 161, lile la swala wanaolia youyou wakila majani kondeni huku wageni wakikaribishwa kwa muziki, ndilo baba yake Tu Youyou alikotoa jina la binti yake aliyezaliwa 1930. Ubeti wa pili swala wanakula mmea uitwao "hao", ambao Zhu Xi anaueleza kuwa ni qinghao, na binti huyo alikuja kupata Nobeli 2015 kwa kutoa artemisinini kwenye qinghao, ambayo dawa zinazotengenezwa kutokana nayo ndizo zimo ndani ya dawa mseto ya malaria tunayomeza sisi nyumbani. Nilipowasimulia wanafunzi wenzangu kwamba nimepona malaria kwa mmea wa shairi hili darasa lilipiga makofi. Tafuta kitabu chenye picha za mimea ya Shijing, vipo vingi.

Nenda Qufu pia, mji wa Confucius, ni mbali kidogo tu na Jinan, mji mkuu wa Shandong, kwa treni ya kasi. Ndani ya hekalu la Confucius kuna ukumbi unaitwa Shi Li Tang, ukumbi wa Mashairi na Adabu, umejengwa kukumbuka yale mazungumzo ya baba na mwana. Nenda siku ya kazi, wikiendi watu ni wengi huwezi kusimama.

Tasnifu yangu niliiandika kuhusu askari, hasa Ji Gu, namba 31. Mstari wake wa kushikana mkono na kuzeeka pamoja leo unaandikwa kwenye kadi za harusi China nzima, lakini Zheng Xuan alisema ni askari wanawekeana ahadi, Wang Su akasema ni mume na mke, Zhu Xi naye akasema askari anamkumbuka mke wake. Mada ya namna hiyo inakufaa mgeni kwa sababu imekaa kwenye safu zako nne tayari, usichague mada pana kama "Confucius na Shijing", supavaiza atakuruhusu lakini hutaimaliza. Kabla ya kuwasilisha kuna ukaguzi wa kompyuta wa kufanana na maandishi mengine, na nukuu ndefu za maelezo ya kale zinapandisha asilimia, kwa hiyo nukuu kifupi halafu eleza kwa maneno yako. Kuna pia wasomaji wa nje wasiojua jina lako, wape miezi kadhaa kwenye mpango wako na viza iwe na muda wa kutosha, kuongeza viza mwishoni ni gharama na usumbufu.

Mpangilio wa kusoma ninaoushauri: Fu Yi, kisha Shuo Shu, lile la wakulima wanaomwambia panya mkubwa asile nafaka yao kwa kuwa wamemtumikia miaka mitatu hakuwajali, kisha Jian Jia la matete na umande uliogeuka jalidi, kisha Guan Ju. Muhula wa pili Qi Yue, ni refu, linapita mwaka mzima wa mkulima, na Cai Wei la askari aliyeondoka mierebi ikipepea akarudi theluji inaanguka. Daya anza na Sheng Min kwa sababu lina hadithi. Zile za Zhou Song zinaonekana fupi zikakudanganya, nyingi hazina hata vina na lugha yake ndiyo ngumu kuliko zote, ziache mpaka mwaka wa pili na zisome pamoja na mwalimu.